Doa Upande wa Kushoto

Wesley Shikanga,
S.L.P. 1173,
Kakamega.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Chrispinus,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Maurine, na za wote wa huku nyumbani. Hujambo? Swali hili watu huliuliza huku miguu imeshageuka kuondoka, lakini leo mimi nimesimama, nasubiri jibu. Unalala vizuri? Unakula? Kifua chako kikoje? Sisi huku tunapumua. Mvua zimeanza kugusa ardhi wiki hii na wenye mashamba wanagombania mbegu madukani. Natumaini joto la Doha halijakukausha, na kwamba katika mwezi huu wa mfungo wanakuachia nafasi ya kupumzika mchana.

Tende ulizompa mwenzako Weldon alipokuja likizo zimefika, ingawa Maurine anasema pakiti moja ilifunguliwa njiani na njaa ya Weldon mwenyewe. Shati lako la buluu nalo limefika, lile nililokushonea kabla hujaondoka, pamoja na ujumbe wako kwamba kifua kinabana na nikipanue. Shati hilo lina habari yake. Nitaifikia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu simu wewe unaiweka spika, na chumba kizima cha madereva wenzako kinanisikia. Tena nikianza jambo zito unacheka, unasema mtandao unakatika, na muda si muda unakatika kweli. Weldon anarudi huko Jumanne na nimemwapisha aiweke barua hii mkononi mwako. Ndani yake mna ombi moja tu: nenda kwa daktari ukavue shati, kabla wiki haijaisha. Soma mpaka mwisho, ndipo ukatae kama utaweza.

Mimi ni mgonjwa, ndugu yangu. Nina saratani ya titi. Soma tena ukitaka, hata mimi nilimwomba daktari arudie. Jumatano ya tarehe kumi na tisa nitapasuliwa.

Ilianza mwaka jana mwezi wa Julai. Nilikuwa nakata sare za shule, nimeegemea meza, nikahisi kitu kigumu upande wa kushoto, nyuma ya chuchu. Kilikuwa kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Hakikuuma hata kidogo, na hapo ndipo kiliponidanganya. Nikasema ni meza hii, miaka thelathini naiegemea, lazima iniachie alama. Nikapaka mafuta ya kuchua. Nikahamisha meza dirishani. Kwa miezi sita nilikuwa nagombana na meza, Chrispinus, mimi mtu mzima.

Mwezi wa Januari nikaona chuchu imeanza kuingia ndani. Siku chache baadaye nikakuta doa dogo la kahawia ndani ya shati langu. Maurine ndiye aliyefua hilo shati, na akaniuliza kama nimejichoma na kalamu. Sikumjibu vizuri. Kesho yake alinitoa kibandani kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani, akanifikisha hospitali hapa mjini.

Kliniki yenyewe ilikuwa imejaa kina mama watupu. Nilikaa kwenye benchi nimeshika faili, nikitazama kiatu changu kama ndiyo mara ya kwanza kukiona. Karani akaita jina la Shikanga, nikasimama, akatazama nyuma yangu akaniuliza, "Mzee, mgonjwa mwenyewe ako wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Mama mmoja aliyefungwa leso kifuani akasogea, akanipa nafasi, akaniambia, "Kaa hapa kwetu, hii kitu haichaguangi." Yule mama sitamsahau. Alikuwa ameshatolewa titi moja.

Walinipiga picha ya titi, hicho kidogo nilicho nacho wakakibana kwenye mashine mpaka nikaona nyota. Kisha wakachoma sindano wakatoa kinyama, wakakipeleka maabara. Nikangoja majibu siku kumi na mbili. Siku hizo nilishona vibaya kuliko nilivyowahi kushona, na mteja mmoja nilimtia mikono miwili ya kulia kwenye koti moja.

Daktari wa upasuaji anaitwa Jeruto. Ni mwanamke mdogo, hana umri wa kumzidi binti wa jirani, na siku ya kwanza nilikataa kuvua shati mbele yake. Hakukasirika. Aliketi akanisubiri hadi nikaona aibu ya kuona aibu. Alinieleza mambo polepole, nami nitakueleza wewe vilevile, maana huenda ukayahitaji.

Alisema uvimbe wangu bado ni mdogo, sentimita mbili na nusu, na kwenye picha haukuonekana umetoka mahali pake. Kwa hali hiyo kuna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni kutoa titi lote pamoja na chuchu, na kuacha misuli ya kifua. Ya pili ni kutoa uvimbe wenyewe na ukingo wa nyama safi kuuzunguka, titi likabaki, kisha ukachomwa mionzi wiki kadhaa ili kisiharibike kilichobaki. Mimi nilirukia hiyo ya pili. Nilitaka kubaki na kifua cha mwanamume, Chrispinus, nakwambia wazi. Nilifikiria siku ya kuoga mtoni na wenzangu, na maneno ya watu pale sokoni, fundi wa kupima vifua vya wenzake hana cha kwake.

Daktari alinisikiliza, akasema, "Mzee, kuna wanaume tunawafanyia hiyo, na wanapona vizuri kama wale wengine, bora wamalize mionzi. Lakini titi la mwanaume ni kidogo. Yako uvimbe uko chini ya chuchu, tayari imeivuta. Nikitoa na ukingo wake, nitakuachia nini?" Akachora kwenye karatasi. Hapo nikaelewa kama fundi. Kitambaa kikiliwa na nondo pembeni, unatia kiraka. Kikiliwa katikati ya kipande kidogo, unatoa kipande kizima. Tena hiyo mionzi ningeifuata Eldoret, kila siku ya kazi, majuma na majuma. Nikachagua titi lote. Alisema hata hivyo mionzi huenda nikaihitaji, itategemea watakachokikuta ndani.

Kuna na habari ya kwapa. Ugonjwa huu ukitaka kusafiri hupitia tezi za kwapani. Kwa hiyo siku hiyohiyo watanitia rangi karibu na uvimbe, waone ni tezi ipi inayoipokea kwanza, waitoe hiyo na labda nyingine moja mbili, wazipime. Zikiwa safi, zilizobaki zinaachwa kwa amani. Zikiwa na ugonjwa, huenda wakalazimika kutoa nyingi zaidi, na mkono uliotolewa tezi nyingi unaweza kuvimba na kuwa mzito maisha yote. Mkono wenyewe ni wa kushoto. Wewe unajua mimi nashika makasi kwa mkono gani.

Mwezi uliopita alinipapasa kwapani hakukuta kitu. Alhamisi iliyopita nilikuwa najaribu koti la mteja mwilini mwangu, nikahisi kama kipunje hivi, kwa ndani. Inawezekana ni hofu inayotafuta mahali pa kukaa. Nilimpigia daktari nikamwambia. Alisema ameandika na atakitazama Jumatano. Maurine sijamwambia.

Ukishapona kidonda kuna vidonge vya kumeza kwa miaka, kwa sababu saratani ya aina hii kwa wanaume mara nyingi hulishwa na homoni, na vidonge vinainyima chakula. Dawa kali ya mshipani watajua baadaye kama itahitajika. Hayo yote niliyapokea. Kilichoninyima usingizi ni swali alilouliza nikiwa nimeshafunga vifungo, nimesimama mlangoni. Aliuliza, "Uko na ndugu wa kiume? Na baba yenu alikufa na nini?"

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba baba aliuawa na fahali wake.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu wakati wa jambo hilo, sijui unakumbuka kiasi gani. Ilikuwa Desemba ya 1994 kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali wa Khayega, ngoma za isukuti zinapigwa, na fahali wake Tingatinga alikuwa amemshinda fahali wa Ikolomani. Baba akaingia kumshika ili amtoe, Tingatinga akageuza kichwa, na pembe ikamkwaruza baba kifuani, upande wa kushoto. Kidonda hakikupona. Alivaa koti masika na kiangazi. Nyumba ilikuwa na harufu, na mama alikuwa akichoma majani ya mkaratusi akisema anafukuza mbu. Tulimzika mwanzoni mwa 1996, akiwa na miaka hamsini na miwili. Mimi sasa nina arobaini na minane.

Unakumbuka kilichofuata. Mwenye fahali wa vita akifa, mafahali huletwa nyumbani kwake kwa heshima, na ngoma zinalia. Tingatinga hakuletewa ngoma. Wazee wa ukoo walisema amemla mwenyewe, wakamchoma mkuki pale nyuma ya zizi. Na sisi wawili tukakalishwa chini tukapewa kidari chake tule, wana wa marehemu, ili kifua cha baba kifungiwe hapo na kisitufuate. Wewe ulikula ukatapika. Mimi nilimaliza, tena nikaramba mfupa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Isecheno kumwona Senje Muhonja. Ana miaka themanini na minne na macho yamekwenda, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu. Nilimwendea kwa sababu ndiye dada pekee wa baba aliyebaki, na ndiye aliyemuuguza. Nikamweleza ugonjwa wangu, na mahali ulipo. Aliweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akanyoosha mkono akanigusa hapo hapo, juu ya shati, bila mimi kumwonyesha.

"Mwana wanje," akasema, "ule ng'ombe tulimuua bure. Hiyo kitu irikuwanga hapo mbele ya ng'ombe. Mimi ndiyo nilikuwanga naosha. Chuchu ilikuwa imeingia ndani kama kitovu. Baba yenu akaniapisha nisiseme, eti ni ugonjwa ya wanawake, watu watacheka mwenye Tingatinga. Pembe ilipiga mahali ilikuwa imeoza tayari. Na yeye akashukuru, maana sasa alikuwa na kitu ya kuambia watu."

Nikamuuliza kwa nini amekaa na neno hilo karibu miaka thelathini. Akasema kiapo ni kiapo, tena alidhani limezikwa na mwenyewe. Binti yake wa kwanza, ambaye wewe hukumjua sana, naye alikufa kwa titi. Hata hapo hakusema. Nilimkasirikia Senje, Chrispinus. Niliondoka bila kumaliza chai, na hilo si jambo nililowahi kulifanya katika nyumba ile.

Lakini njiani hasira iligeuka ikanirudia mwenyewe, kwa maana nami nilikuwa najua. Hii sijamwambia mtu. Mwaka ule wa 1994 nilikuwa nimeanza kujifunza kushona, niko kwenye kibanda cha fundi pale sokoni. Baba akaja na koti lake la kijivu, akasema nibadilishe bitana ya ndani upande wa kushoto, na nisimwonyeshe fundi. Nilipoifungua bitana nikakuta doa la kahawia, kubwa kiasi cha kiganja cha mtoto, limekauka likawa gumu. Nilifikiri ni chai. Nikaikata bitana yote nikaitia motoni, kwenye makaa ya pasi, nikashona mpya, na baba akanisifu kwamba sasa nimekuwa fundi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kusifiwa. Nilijivunia miaka yote hiyo.

Kazi hiyo niliifanya Oktoba. Baba alipigwa pembe Desemba. Hata mtoto wa chekechea anajua ni mwezi upi unatangulia, lakini mimi sikuwahi kuiweka miezi hiyo miwili kando kando hadi siku ile natoka Isecheno. Ushahidi ulikuwa mikononi mwangu nikauchoma moto na kuushonea kitambaa kipya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu hata kilio hakikumuumbua baba, kwa sababu mimi nilimsaidia kuficha.

Nilirudi kwa daktari nikamweleza haya yote. Hakushangaa. Alisema kuna familia ambazo ugonjwa huu hutembea katika damu, kwa wanaume na kwa wanawake, na akanitoa damu ipelekwe kupimwa kwa hilo. Majibu yatachukua majuma. Lakini alinikazia macho akasema nisingoje majibu ndipo nikwambie.

Sasa nifike kwenye shati lako. Weldon aliliacha Ijumaa. Nililigeuza ndani nje ili nifumue mishono ya ubavuni, kama ninavyofanya kila siku, huku nikisikiliza redio. Upande wa kushoto, nyuma ya mfuko, kuna doa. Ni la kahawia, dogo kama punje ya hindi, na ukiligusa ni gumu. Nje ya shati halionekani, limezuiwa na kitambaa cha mfuko. Nilizima redio. Maurine aliniuliza mbona nimekaa chini sakafuni na viti vipo.

Usiniambie ni chai. Usiniambie ni oili ya basi, kwa maana oili husambaa kwenye kitambaa na hii haikusambaa. Doa hili nimeshaliona mara mbili, kwenye koti la baba na kwenye shati langu. Na nimepima shati lako kwa tepu. Nililishona kwa kipimo kikubwa, na wewe mwenyewe kwenye picha umekonda. Kwa nini libane kifuani?

Najua unachoogopa. Huko mtu akionekana ana ugonjwa anarudishwa kwao, na wewe una mkataba wa mwaka mmoja na nusu bado, na mwanao Oliver yuko kidato cha tatu. Basi nikwambie kitu. Mwaka juzi mama mmoja wa Lurambi aliniletea kitambaa nimshonee mwanawe suti. Kijana alikuwa anarudishwa kutoka nchi za huko kwenye sanduku. Hakukuwa na wa kupima, kwa hiyo mama alinitajia vipimo kwa kukumbuka, akionyesha kwa mikono yake hewani, mabega hivi, kifua hivi. Nilishona. Sitaki mtu anionyeshe kifua chako kwa mikono. Afadhali urudishwe ukitembea, na kazi tutatafuta hapahapa.

Nenda, mdogo wangu. Mwambie daktari baba alikuwa nayo, kaka anayo, na binti wa shangazi alikufa nayo. Akikwambia wanaume hawapati, tafuta daktari mwingine. Uvimbe wangu ulikutwa ungali mdogo kwa sababu Maurine alinikokota. Wewe huko huna wa kukukokota, ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Naogopa. Naogopa Jumatano, naogopa kipunje cha kwapani, lakini kisu cha Jeruto nimeshakikubali. Kinachonitia baridi ni kwamba nitaamka pale kitandani, kama nitaamka, na sitajua bado kama umevua shati.

Mkeo Namalwa sijamwambia lolote, hilo ni lako kumwambia, ila usikawie, kwa sababu Oliver naye ni damu hii hii na siku moja atahitaji kujua. Anakusalimu, na Oliver anasema amekuwa wa nne darasani, ingawa hakusema darasa lina watu wangapi. Maurine anakusalimu sana. Senje Muhonja pia anakusalimu. Nilimpigia jana kumwomba radhi kwa ile chai, akalia, na akasema kiapo chake amekivunja kwa ajili yako, kwa hiyo usimwache amekivunja bure.

Mungu wa baba yetu, aliyekuwa akiona chini ya lile koti siku zote, akuone na wewe huko uliko, akuongoze hadi mlango ulio sahihi, na atukutanishe tukiwa wazima au hata tukiwa na mishono.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukuhofia,

Wesley

Tena: Shati liko ndani ya mfuko uleule aliokuja nao Weldon. Nimelipanua kifua inchi mbili kama ulivyotaka, na nimeliwekea kifungo kipya cha shingoni. Doa sikulifua.